Sifa za Nahodha Aliyekataa Kutweka

Juzi boti ya faiba ilitoka Kismayo adhuhuri, kusi inavuma, maji yanakupwa, vijana wanne ndani wakicheka. Mashini ikanguruma, wakalipanda wimbi la kwanza, la pili, wakapita. Waliokuwa ufukweni wakapiga makofi. Mimi nikamkumbuka nahodha mmoja wa Fuma, marehemu sasa, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kubaki.

Mwenye kuijua pwani yetu ya Bajuni hahitaji maelezo. Chula, Chovai, Koyama, Fuma: visiwa vya matumbawe vilivyojipanga sambamba na bara, ndani maji ya kulala, nje Bahari ya Hindi yote. Kati ya hayo mawili kuna mlango kwenye mwamba, na wazee waliuogopa mlango kuliko kilindi.

Alfajiri, baada ya sala, kabla hajagusa kamba yoyote, nahodha huyo alichutama juu ya jiwe akautazama mlango. Hakushughulika na wimbi la karibu. Alilishika kwa macho lile la nje kabisa, linaloinuka kabla ya kufika mwambani, akalisindikiza mpaka likavunjika, kisha jingine, na jingine. Mawimbi huja kwa makundi. Makubwa yakishapita, bahari hutua kidogo. Mwenye haraka hufika wakati huo wa utulivu, akaona kweupe, akatweka. Yeye alikaa mpaka kahawa ikapoa, maana alitaka kumwona mkubwa wao.

Kisha alipima maji: bamvua au maji mafu? Bamvua ikipwa, maji hutoka mlangoni kwa kasi, na yakikabiliana na upepo unaoingia, wimbi husimama wima. Upepo ule ule, maji yakiwa yanajaa, mlango huo huo hupitika. Haya hata mtoto wa Bajuni aliyasikia. Lakini kuyasikia ni mbali na kumwambia mwenye chombo, mbele ya mabaharia wenye njaa, "Leo la."

Hakutoa sababu. Mara nyingine wenzake walitoka, wakarudi jioni na nguru tele, naye akanunua samaki kama mtu wa bara. Walimcheka. Kijana mmoja akamwuliza, "Baba, mbona wao wamepita?" Akajibu, "Wamepita, ndiyo. Hukuona walivyokaribia kutopita."

Hapo ndipo ugumu wa fani hii ulipo. Seremala akikosea, mlango wa nyumba haufungi, naye atajua siku hiyo hiyo. Nahodha aliyekosea mara nyingi hurudi salama, tena na samaki. Bahari humsamehe leo na kesho, naye akadhani amejua, kumbe alibahatika tu. Na aliyebaki nyumbani hana ushahidi wowote kwamba alikuwa sahihi. Nani humtungia mtu utenzi kwa ajali isiyotokea?

Wapanda milima ya theluji huko Ulaya wanaijua hila hii. Uswisi ina taasisi ya kuchunguza theluji pale Davos, na tangu 1993 nchi za Ulaya hutangaza hatari ya maporomoko kwa kipimo kimoja cha ngazi 5. Hata hivyo, wengi wa wanaofukiwa wakiwa matembezini huwa wameliamsha poromoko wao wenyewe, au mwenzao. Tabaka bovu limefunikwa na theluji nzuri, na nyayo za waliopita jana hazithibitishi kitu.

Sisi hatukuwa na taasisi. Tulikuwa na mwaka wa Nairuzi uliohesabiwa kwa siku kumi kumi, tulikuwa na mitepe iliyoshonwa kwa kamba, na tulikuwa na kijana aliyekaa tezi miaka mingi akimtazama mtu mzima akitazama maji. Shule ilikuwa hiyo tu. Vita vya Somalia vya 1991 vikamwondoa kijana yule: Mombasa, kambini, kisha Uingereza na kwingineko. Mzee akabaki hana wa kukaa naye.

Leo simu hukupa kasi ya upepo wa kesho. Ni neema, nami naitumia. Lakini simu haiujui mlango wa Fuma saa maji yanapotoka. Na mashini imetutia kiburi: tanga lilikulazimisha kuusubiri upepo, mashini haimsubiri mtu. Ikikuzimikia nje ya mwamba wakati wa kusi, mkondo utakupandisha kaskazini, uipite Kismayo huku unaiona.

Vijana wale wanne walirudi salama. Wala hawakujua kuwa kuna jambo la kujiuliza.

Wewe uliye na mzee wa bahari nyumbani, iwe Kismayo, Lamu, Mombasa au London, usimwombe hadithi za dhoruba. Hizo atakupa bila kuombwa. Mwulize siku alizokataa kutweka, na aliona nini. Andika jina la mlango, upepo ulikotoka, na kama maji yalikuwa yakijaa au yakipwa.