Subira ya Mwenye Nguvu

Aghalabu katika somo la methali, sisi walimu huiweka aya ya Mithali 16:32 bega kwa bega na methali yetu "hasira hasara", tukawaambia wanafunzi kwamba maana ni moja. Kwa maoni yetu sivyo.

Methali yetu huhesabu hasara: ukikasirika, utapoteza. Mwenye hekima wa Israeli hupima nguvu. Mtu akawiaye kukasirika anamweka juu ya shujaa wa vita, na aitawalaye roho yake juu ya yule atekaye mji. Aya ya 25:28 inaurudia mji kwa upande wa pili: asiyejizuia ni kama mji uliobomolewa, usio na kuta.

Kiebrania chenyewe kinatusaidia. Neno "af" ni pua, na pia ni hasira, maana mwenye ghadhabu huhema kwa nguvu. Mvumilivu, basi, huitwa mrefu wa pua. Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952 ilichagua kukanusha, kwamba mtu huyo si mwepesi wa kukasirika. Maana imefika, ila ule urefu umepotea (na wanafunzi wangeucheka, kisha wasiusahau). Katika Kutoka 34:6 sifa hiyo hiyo ni ya Mungu mwenyewe, awezaye kuangamiza naye akakawia.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Aya hizi zinamhusu kwanza yule awezaye kupiga. Sura ya 25 hufunguliwa kwa kuwataja watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda, kuwa ndio walioyanakili maneno haya. Yalipita mikononi mwa watu wa mfalme. Nasi twamsomea nani? Mtoto aliyeonewa, tena fimbo ikiwa mkononi mwetu.

Mwenzetu atatupinga kwa 25:15, ambapo mdogo ndiye avumiliaye mbele ya mkuu. Tunakubali. Lakini hata hapo mdogo huyo hanyamazi. Anasema, na ulimi wake laini huvunja mfupa. Subira ya kufumba kinywa, ambayo ndiyo tunayoisahihisha katika madaftari, haimo.

Afadhali swali la darasani liwe hili: katika 16:32, ni nani mwenye uwezo wa kudhuru? Tulipouliza hivyo, mwanafunzi mmoja alijibu, "Mwalimu." Hatukulitarajia jibu hilo, na kwa jinsi aya ilivyoandikwa, ni sahihi.