Hongereni, Mafundi wa DHIS2

Muuguzi wa zahanati ya kijijini Kasulu au Kibondo, Tanzania, hujaza kwa kalamu rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mwezi ukiisha, hesabu zake hupelekwa halmashauri, huingizwa kwenye DHIS2, programu ya kompyuta ya kukusanya takwimu za afya, na Wizara ya Afya huona malaria imepanda wapi. Kazi hiyo ina watu wasiotajwa kwenye risala: waandishi wa programu.

DHIS2 ni programu huria. Chimbuko lake ni mradi wa mifumo ya taarifa za afya uitwao HISP, ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, na kiini chake huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kuifanya iendane na fomu zetu na lugha yetu, hata ikaenea nchi nzima kufikia 2013, kulihitaji vijana na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Wizara ya Afya.

Tunawapongeza hasa kwa namna walivyoipanga kazi. Anayeandika msimbo hakutengwa na anayeutumia mfumo: kufundisha maafisa wa wilaya na kusikiliza malalamiko yao ni sehemu ya ufundi wenyewe. Fomu ikibadilika, mfumo nao hubadilishwa.

Kwingineko, kampuni nyingi humkumbuka fundi wa programu siku ya uzinduzi na siku mfumo unapogoma. Katikati ya siku hizo mbili ndimo ilimo kazi yenyewe. Waajiri, itengeeni fungu la matengenezo, na mshahara wa kumbakiza aijuaye.