Kupima Joto la Mafiga

Moto ukishaondolewa, mafiga hayapoi papo hapo. Mpishi mzoefu husogeza kiganja karibu na jiwe, akajua chungu kilikaa motoni kwa muda gani. Wapo wanaastronomia wenye kiganja cha namna hiyo, ila figa lao lina kipenyo cha kilomita ishirini na ushee, linalizidi Jua kwa uzito, nalo liko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 20,000.

Figa hilo ni KS 1731-260, nyota ya nyutroni iliyogunduliwa mwaka 1989. Kwa miaka kama 12 ilinyonya gesi ya nyota mwenzake na kung'aa kwa eksirei, kisha mwanzoni mwa 2001 ikanyamaza. Mwezi Machi, Rudy Wijnands na wenzake waliielekezea darubini ya Chandra. Mwanga hafifu ulikuwepo. Uzito wa gesi iliyomezwa ulikuwa umeyakandamiza matabaka ya chini ya gamba la nyota hadi viini vya atomu vikaungana na kutoa joto, na joto hilo sasa lilikuwa likivuja.

Ustadi wenyewe ndio unaonivuta. Eksirei hazirudishwi na kioo kinachozikabili uso kwa uso, kwa hiyo vioo vya Chandra vimepangwa kama mapipa yaliyoingiliana, fotoni iparaze ukuta tu, kama kijiwe kinachorukaruka juu ya maji. Kila fotoni huandikiwa mahali ilipotua, wakati na nishati yake. Nyota ikitulia, huja chache tu kwa saa. Mchambuzi huizungushia nyota duara dogo, kisha hupima eneo tupu kando yake ili atoe zile ambazo si zake. Hukadiria pia zilizomezwa na gesi na vumbi njiani. Ndipo athubutu kutaja joto: nyuzi milioni moja na kitu.

Halafu hungoja, na kurudi. Miaka ya mwanzo gamba lilipoa upesi kuliko ilivyodhaniwa, ishara kwamba linapitisha joto vizuri: atomu zake zimejipanga kwa safu kama fuwele, hazikurundikana ovyo. Mwaka 2015 Chandra ilitazama tena nukta ileile. Joto lilikuwa kama nyuzi laki saba na ushee, karibu sawa na la 2009. Gamba lilikuwa limeshalingana kwa joto na kiini cha nyota.