Mwenzi wa Mwanatriathloni Hutoa Saa

Tarehe 7 Oktoba 2001, Catherine Ndereba, mzaliwa wa Gatunganga katika Nyeri, alimaliza mbio za Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47 na kuvunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake. Rekodi aliyoivunja ilikuwa na umri wa wiki moja tu: Naoko Takahashi wa Japani alikuwa ameiweka Berlin tarehe 30 Septemba. Nyuma ya ushindi huo kulikuwa na mpango wa nyumba. Sehemu ya mwaka Ndereba alikuwa akiishi na kufanya mazoezi Norristown, Pennsylvania, karibu na mashindano ya Marekani, huku mumewe, Anthony Maina, akibaki Kenya na kumlea binti yao mdogo.

Orodha ya matokeo yake inaonyesha alidumu kwa muda gani. Mwaka 1999 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Boston, akawa wa sita. Baadaye alishinda Boston mara nne, mwaka 2000, 2001, 2004 na 2005. Alishinda Chicago mara mbili. Alitwaa dhahabu ya Mashindano ya Dunia Paris 2003 na Osaka 2007, na fedha ya Olimpiki Athens 2004 na Beijing 2008. Ni karibu miaka kumi katika kilele, na yote aliikimbia akiwa mama. Kipaji peke yake hakielezi miaka kumi. Anayetaka kuelewa ushindi ule lazima aulize pia mtoto alikuwa na nani.

Ninaurudia mpango huo leo kwa sababu ya mchezo mwingine. Tangu Agosti 2022, Rwanda imekuwa ikiandaa Ironman 70.3 mjini Rubavu, kando ya Ziwa Kivu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1. Triathloni ndefu sasa iko umbali wa safari ya basi. Lakini mwalimu wa Karatina, karani wa Nyeri au mwenye duka wa Nanyuki anayeingia mchezo huu hatarajii zawadi ya fedha. Ndereba alikimbia kama kazi, na jasho lake lilirudi nyumbani kama kipato. Huyu mwingine anatoa fedha na muda wa nyumba kwa jambo ambalo halitalipa karo. Ndiyo maana makubaliano na mwenzi wake yanahitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Msaada ulivyohama kutoka barabarani

Triathloni kamili ya Ironman ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na kukimbia kilomita 42.2, mfululizo, kwa kawaida ndani ya saa 17. Mashindano hayo yalianzishwa na mume na mke, John na Judy Collins, wakiishi Hawaii. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza katika kisiwa cha Oahu, na 12 wakamaliza. Kila mshiriki alitakiwa kuja na wasaidizi wake wa kumfuata njiani na maji na chakula. John Dunbar alikuwa mbele mbio za miguu zilipoanza, lakini wasaidizi wake waliishiwa maji wakampa bia. Gordon Haller alimpita na kushinda kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Siku hizi waandaaji ndio wanaoweka vituo vya maji na chakula, na kanuni zimegeuka. Mke akimpa mumewe ndizi nje ya kituo, au akikimbia ubavuni mwake kumtia kasi, mumewe anaweza kuadhibiwa au kuondolewa kabisa. Kwa hiyo siku ya mashindano mikono ya mwenzi imefungwa. Kazi yake imehamia nyumbani, katika miezi sita au minane inayotangulia, na huko hakuna mtazamaji. Wengi hukosea hapa: huweka nguvu zao zote katika fulana ya kushangilia na tiketi ya kwenda Rubavu, ilhali mashindano yamekwisha kuamuliwa Mei na Juni.

Hesabu ya saa

Anayejiandaa kwa masafa kamili huhitaji takriban saa 10 hadi 15 za mazoezi kwa wiki katika miezi ya kilele. Nusu ya masafa hayo huhitaji pungufu kidogo. Idadi hiyo haijataja safari. Mabwawa mengi ya kuogelea katika miji ya Mlima Kenya yamo hotelini, na mtu wa Othaya au Mukurwe-ini lazima kwanza afike Nyeri mjini. Saa moja majini hugeuka saa tatu nje ya nyumba. Ongeza kufua nguo za mazoezi, kusafisha mnyororo wa baiskeli na kulala mchana baada ya safari ndefu. Usingizi huo ni sehemu ya mazoezi, kwa kuwa misuli hujijenga mtu akiwa amepumzika. Mwanariadha anayerudi kutoka barabarani na kushika jembe papo hapo anabaki na uchovu bila kupata faida yake.

Kila saa anayoitumia yeye inatoka mahali. Nyeri, inatoka mahali panapojulikana. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni, na gari la maziwa halimsubiri mtu. Chai ya Othaya na Tetu huchumwa kwa zamu. Kahawa ya Mathira ina msimu wake. Jumamosi, siku ambayo kila kocha huiwekea baiskeli ndefu, ndiyo siku ya mazishi, ya ruracio (sherehe ya mahari) na ya mikutano ya chama. Jumapili, siku ya mbio ndefu, ni siku ya kanisa.

Tuchukue nyumba ya kufikirika. Mume anatoka Nyeri kunapopambazuka, anapita Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki na kurudi, kama kilomita 120. Anafika saa sita mchana, anakula, analala. Siku hiyohiyo kuna mazishi ya jirani. Mke akienda peke yake kuiwakilisha nyumba, akatoa mchango na kujibu maswali ya wazee kuhusu aliko mumewe, ametoa saa tano zake na kiasi fulani cha heshima yake. Hakuna programu ya mazoezi iliyo na safu ya kuandika jambo hilo. Ninashauri safu hiyo iwepo.

Njia inayofanya kazi ni kalenda moja ya ukutani yenye rangi mbili. Mwanariadha aandike mazoezi yake, mwenzi aandike kazi anazochukua kwa sababu ya mazoezi hayo. Mwisho wa wiki wasome pamoja. Wakikuta Jumamosi nne mfululizo zimejaa upande mmoja, safari moja ndefu ihamishwe au ifupishwe. Kupoteza safari moja katika miezi sita hakumwangushi mtu. Kinyongo cha miezi sita hukatiza mazoezi yote.

Kujiandaa kwa mashindano ya Agosti kuna ugumu wake huku kwetu. Miezi mizito ya mazoezi huangukia mwisho wa masika na kisha baridi ya Juni na Julai, wakati ukungu na manyunyu hufunika barabara ya Nyeri hadi saa tatu au nne asubuhi. Dereva wa lori haoni baiskeli katika ukungu ule. Mwenzi awe na mamlaka kamili ya kusema leo hutoki, na neno lake lisibishaniwe. Waelewane pia kuhusu njia na saa ya kurudi, simu iwe na chaji, na ijulikane ni nani mwenye gari au pikipiki atakayepigiwa tyubu zikiisha.

Jiko kama sehemu ya programu

Mwili huhifadhi wanga wa kutosha kwa takriban saa mbili za kazi ngumu. Baada ya hapo lazima uendelee kulishwa, na ushauri wa kawaida kwa masafa marefu ni gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya wastani ina karibu gramu 25. Safari ya saa nne basi inahitaji chakula kingi kuliko mfuko wa shati la baiskeli unavyobeba, na tumbo lazima lifundishwe kukipokea miguu ikiwa kazini.

Vyakula vya mlimani vinafaa vizuri vikipangwa kwa wakati wake. Nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande vidogo na kutiwa chumvi kidogo, hulika juu ya baiskeli. Uji hufaa asubuhi kabla ya kutoka. Githeri ni chakula kizuri, lakini maharagwe yake na maganda ya mahindi hukaa tumboni na kuleta gesi, kwa hiyo isiliwe usiku wa kuamkia safari ndefu. Iliwe baada ya safari, pamoja na mukimo, maziwa na mayai, mwili unapohitaji protini. Mpishi wa nyumba akijua ratiba ya wiki, hufanya mabadiliko haya bila kupika vyungu viwili. Asipoambiwa, hupika githeri Ijumaa jioni na kulaumiwa Jumamosi, na lawama hiyo si haki.

Siku yenyewe

Kutoka Kigali hadi Rubavu ni karibu kilomita 150 za milima kwa barabara. Mwenzi asipewe kazi ya kutafuta chakula siku hiyo. Aandikiwe karatasi yenye makadirio ya saa: kutoka majini, kutoka kwenye baiskeli, kila mzunguko wa mbio. Achague sehemu mbili tu za kusimama, kwa kuwa anayekimbizana na mshiriki kila mahali humkosa kila mahali. Anachopaza sauti kiwe habari yenye kazi: umebakiza kilomita sita, umekunywa, umekula? Mtu aliyechoka baada ya saa sita za mashindano hawezi kufanya hesabu, na swali la wazi humrudisha kwenye mpango.

Kazi nzito zaidi ya mwenzi siku hiyo huanza baada ya mstari wa mwisho. Awe na nguo kavu, kitu cha chumvi na kinywaji cha moto. Amwangalie mwenzake usoni. Anayetapika, anayechanganyikiwa maneno, mwenye kichwa kinachouma sana au vidole vilivyovimba huenda amekunywa maji mengi mno hadi chumvi ya damu ikashuka. Asiongezewe maji, apelekwe kwa madaktari wa mashindano mara moja. Mwenzi ndiye anayejua sauti ya kawaida ya mtu huyu, na ndiye atakayegundua mapema kwamba imebadilika.

Anayetoa ni nani

Jambo moja katika habari ya Ndereba na Maina halipaswi kupitwa. Mume aliyebaki na mtoto alionekana wa ajabu, na watu waliulizia habari zake. Wake wengi wa wanariadha wetu wa kiume, kuanzia Nyahururu hadi Eldoret, wamefanya vivyo hivyo kwa miaka bila kuulizwa na mtu. Saa ni zilezile. Zikitolewa na mume huitwa kujitolea, zikitolewa na mke huitwa wajibu. Nyumba inayotaka kufanya triathloni kwa haki lazima ianze kwa kukataa tofauti hiyo. Mke wa mwanatriathloni ana haki ya kuulizwa, kukubali, kukataa na kulipwa saa zake, kama vile mume wa mwanatriathloni anavyosifiwa kwa zake.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza una hatua tatu, na zote hufanyika kabla ya ada ya kujiandikisha kulipwa. Kwanza, mwanariadha aweke mezani saa na shilingi za miezi yote, bila kupunguza ili akubaliwe. Pili, mwenzi aseme ni zipi anazoweza kutoa na ni zipi hawezi, na zile asizoweza zitafutiwe mtu wa kulipwa au masafa yapunguzwe. Tatu, waandike atakachofanya mwenzi mwaka unaofuata: kozi ya jioni, biashara, kupanda Mlima Kenya, chochote anachokitaka, huku mwanariadha wa jana akikamua ng'ombe na kwenda mazishini peke yake.

Hatua ya tatu ikikosekana, mashindano yaahirishwe. Rubavu itakuwepo mwaka unaofuata, na mwenzi aliyekubali kwa moyo mweupe atampeleka mtu mbali kuliko baiskeli yoyote ya bei ghali.