Mambo ya Kale ya Mtaani

Wako wasemao kwamba mambo ya kale ni majumba ya wafalme na makaburi ya masultani. Hatukubaliani nao. Mwaka 2005, katika bustani ya Shoreditch Park jijini London, wakazi wa mtaa, wakubwa kwa watoto, walijitolea kuchimba pamoja na wataalamu wa Makumbusho ya London. Walifukua misingi ya nyumba za watu wa kawaida za karne ya 19, zilizobomolewa kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Wazee waliopata kuishi pale walifika wakasimulia maisha yao. Twaisifu kazi hiyo. Ila wito ulitoka makumbusho, si mtaani. Mzee wa mahali alikaribishwa shimoni kama mgeni, nasi tungependa yeye ndiye awe mwenyeji.