Mji Mkongwe Ulivyopangwa Nyumba kwa Nyumba

Darajani, Unguja, hakuna daraja. Zamani lilikuwepo, kwa sababu mkono wa bahari uliingia nyuma ya Mji Mkongwe, ukijaa na kupwa, na aliyetoka mjini kwenda upande wa pili alikuwa anavuka maji. Upande huo ukaitwa Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo zama za ukoloni na barabara ikapita juu yake. Maji yaliondoka, mpaka ukabaki.

Wapangamiji wote waliofuata waliukuta. Lanchester alitoa mpango wake mwaka 1923, Kendall 1958, Wajerumani Mashariki 1968 na Wachina 1982. Majengo marefu ya Michenzani, huko Ng'ambo, ni zao la fikra za kipindi cha Wajerumani Mashariki: Ng'ambo ivunjwe, ijengwe upya. Wakati huohuo, hatua chache tu kutoka hapo, Mji Mkongwe ulikuwa unaporomoka.

Kuporomoka kwenyewe kuna utaratibu, na anayetaka kuelewa kilichofanyika baadaye lazima auelewe kwanza. Nyumba ya Mji Mkongwe ni kuta nene za mawe ya matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa, na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti ni fupi, mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta mpaka yafike pale kichwa cha boriti kilipopenyezwa. Kichwa kikioza, sakafu hukatika. Ukuta uliokuwa umefungwa na sakafu hiyo hukosa wa kuushika, ukafanya tumbo, hatimaye ukaanguka. Kupiga plasta ya saruji hakuponyi, kunazidisha ugonjwa: chokaa huuacha unyevu utoke, saruji huufungia ndani.

Kwa hiyo tundu dogo la darini ndilo linaloua jumba la ghorofa tatu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikakaliwa na familia kadhaa kila moja kwa kodi ndogo. Nani angepanda juu kuziba tundu la wote?

Mwaka 1985 Serikali ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Kisha, ikishirikiana na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, iliandaa mpango wa hifadhi wa mwaka 1994 chini ya mtaalamu Francesco Siravo. Tofauti yake na mipango iliyotangulia ilikuwa mwendo wa kazi. Wakaguzi walizipitia nyumba zote pamoja na viwanja vya wazi, wakaandika hali ya kila jengo na matumizi yake, ndipo likawekwa katika daraja la ulinzi. Mwenye nyumba akaweza kujua anachoruhusiwa kubadili na asichoruhusiwa. Zahanati ya Kale ya Mizingani ilikarabatiwa katika miaka hiyo, ikawa pia darasa la mafundi kujifunza tena kazi ya chokaa. Mwaka 2000 UNESCO iliuandikisha mji huo kuwa Urithi wa Dunia.

Upande wa bahari ulifuata. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya Julai 2009, ikiwa na ukuta wa bahari ulioimarishwa, taa na mifereji. Wauza urojo na mishkaki walirudi kwenye nafasi zilizopangwa, na huo ndio uamuzi bora kuliko yote yaliyofanyika pale, kwani bila wao bustani ingekuwa nzuri na tupu. Baadaye ukuta wa Mizingani nao ulijengwa upya kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Lakini Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilitoa dalili mapema, sehemu yake ilipoporomoka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande wa mbele ulianguka na kuua watu wawili. Kujua hali ya jengo ni nusu ya kazi. Ukarabati usipofika kwa wakati, maji hayangoji.

Na mpaka wa Darajani? Uliguswa kwa dhati katika mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, katikati ya miaka ya 2010, wapangamiji wa Zanzibar walipokwenda kuwauliza wakazi wa Ng'ambo mabaraza, misikiti na viwanja gani wanavithamini. Hapo upande huo ulihesabiwa kuwa na historia yake.

Haya yana maana hata huku Kasoli, wilayani Bariadi, mbali na bahari. Bariadi inakua tangu ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, na mito ya huku ni ya msimu: miezi mingi ni mchanga mtupu, mtu akadhani ni kiwanja. Wanaopima viwanja Bariadi na kwenye senta zake wachore kwanza njia za maji, wapite nyumba kwa nyumba wakiwauliza wazee mvua kubwa zilifika wapi, ndipo waweke vigingi.