Fundi Anayefuata Vurugu

Mwaka 1963 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa MIT nchini Marekani, alichapisha milinganyo mitatu mifupi. Ukiipa vigezo 10, 28 na 8/3, haitulii wala haijirudii. Ianzishe mara mbili kwa tofauti ndogo mno, na muda si muda kila mwendo umeshika njia yake: hiyo ndiyo vurugu. Kuifanya mifumo miwili ya namna hiyo iende sambamba kulionekana kazi bure.

Mwaka 1990 Louis Pecora na Thomas Carroll, wa maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, walionyesha kwamba si kazi bure: mfumo mmoja ukimpa mwenzake sehemu ya mwenendo wake, wa pili huweza kufuata. Ila mpango huo ulitaka mifumo pacha, na ukiijenga kwa saketi za umeme, dukani hakuna pacha. Rezista mbili za pakiti moja hazilingani, na joto huzibadilisha. Hapo ndipo anapoingia fundi ninayemsifu.

Fundi wa udhibiti unaojirekebisha hajui vigezo vya mfumo wa kwanza, yaani kiongozi, na ujinga huo ameutengea nafasi ndani ya mtambo wenyewe. Mfumo wa pili, yaani mfuasi, huanza kwa makisio ya vigezo hivyo. Kila wakati hupima pengo kati yake na kiongozi, na pengo hilo hutumika mara mbili: humrudisha njiani, kisha husahihisha makisio. Kanuni ni fupi: zidisha kosa kwa kile ambacho kigezo hukizidisha mlinganyoni. Kigezo ambacho kwa wakati huo hakikugusa mwendo hakiguswi. Kila kimoja hulipa deni lake tu.

Uthibitisho wa kanuni hiyo unasimama juu ya kazi ya Mrusi Aleksandr Lyapunov ya mwaka 1892. Jumlisha miraba ya makosa, ya mwendo na ya makisio, kisha onyesha kwamba jumla hiyo haipandi kamwe, na kwamba hushuka maadamu pengo lipo. Milinganyo hukuitatua, mfumo utakuwa wapi kesho hujui, lakini una hakika kwamba pengo litazibika.

Hata hivyo, pengo kuzibika si sawa na kujua. Kiongozi akitulia mahali pamoja, mfuasi anaweza kulingana naye kwa vigezo vya uongo, maana uongo wa kigezo kimoja hufidiwa na uongo wa kingine. Vurugu haimwachii mwanya huo. Mwendo usiojirudia huleta swali jipya kila mara, na vigezo vya kweli pekee ndivyo vinavyojibu maswali yote. Kiongozi mtulivu angempa mfuasi kazi rahisi na elimu haba.

Kwa hiyo sifa yangu kwa ufundi huu si kwamba umeishinda vurugu. Vurugu ya kiongozi inabaki vilevile. Ufundi umeifanya iwe mwalimu, na haukuidai itulie kwanza ndipo ieleweke.